Kuku Juu ya Mizani

Saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi, kuku mwenye vifaranga alikuwa amejilaza juu ya mizani ya malori ya kiwanda cha vigae cha Mpiji, kule Kibamba.

Nilimpiga picha. Nikasogea nikapiga ya pili, ili bango la mizani lionekane nyuma yake.

Kama wiki iliyopita hukunisoma, mimi ni Felicitas, mchambuzi wa hisa katika benki moja ya uwekezaji iliyopo Makumbusho. Kazi yangu ni kuchunguza kampuni zilizo kwenye soko la hisa, kuandika ripoti, na kumalizia kwa neno moja: Nunua, Shikilia au Uza. Mwaka jana niliiandikia Mpiji neno Nunua, na bei ikapanda. Baba yangu, mwalimu mstaafu, aliweka humo nusu ya kiinua mgongo chake, kwa sababu jina lililo chini ya ripoti lilikuwa la binti yake. Mwaka huu bei ilianza kushuka bila maelezo. Mkurugenzi wa Mpiji alikataa kuonana nami mara tatu. Nikaamua kwenda mwenyewe, na nilikuacha pale getini, bodaboda iliyonileta ikiwa imeshageuza.

"Hawa kuku ni wa nani?" nilimuuliza mlinzi.

"Wangu, dada." Kitambulisho chake kilisema anaitwa Mashaka. "Hawaingii kwenye maua ya bosi, wala hawamsumbui mtu."

"Malori yakija?"

"Malori yepi?"

"Ya kubeba vigae."

"Aa, hayo. Yakija nitawatoa."

"Mara ya mwisho yalikuja lini?"

Akanikagua kuanzia viatu. "Wewe ni mtu wa kodi?"

"Hapana. Wa benki."

"Basi ni walewale." Akacheka peke yake. "Huyu mama yao alianza kuatamia kwenye kibanda cha mizani. Nikasema nimwache, lori likija nitamhamisha. Akaatamia mpaka akatotoa. Sasa watoto wameanza kuota mabawa, na mie bado nasubiri lori."

Kuku huatamia wiki tatu. Kifaranga anayeota mabawa ana wiki mbili au zaidi. Nilitazama mabomba ya matanuru. Yapo matatu, na moja tu ndilo lililokuwa linatoa moshi. Tangazo la Mpiji kwa wawekezaji, lililotoka mwezi uliopita, lilisema matanuru yote yanawaka usiku na mchana.

Ripoti niliimaliza siku hiyo hiyo. Neno la mwisho lilikuwa Uza.

Ijumaa asubuhi niliingia kwa Adelard, mkurugenzi wetu mtendaji, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Katika kazi yetu neno Uza halina marafiki. Kampuni uliyoichafua haikupi biashara, na iliyo jirani nayo inakuogopa.

Adelard alisoma hadi ukurasa wa mwisho. Akarudi mwanzo.

"Hii ndiyo ripoti bora uliyowahi kuandika," alisema. "Huyu kuku."

"Yuko kwenye kiambatisho."

"Mlete mbele. Ukurasa wa kwanza."

Sikuamini masikio yangu, na nilipaswa kuendelea kutoyaamini.

"Watumie Mpiji sehemu ya mambo uliyoyaona kiwandani," akaongeza. "Wathibitishe kama ni kweli. Neno la mwisho usiwaoneshe. Ripoti itoke Jumatatu."

Hakukuwa na hila ndani ya maneno hayo. Ndivyo tunavyofanya sote: kampuni inaoneshwa maelezo ili irekebishe makosa, haioneshwi hukumu. Nilituma mwenyewe, kwa kidole changu, picha za kuku zikiwemo.

Saa nane mchana lifti ilifunguka. Walitoka watu wawili wa Mpiji, mmoja wao ni yule mkurugenzi aliyenikataa mara tatu. Alisimama kwenye meza yangu.

"Wewe ndiye Felicitas? Nilidhani ni mtu mzima."

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Una jicho, mwanangu."

Akapita, akaingia kwenye mlango ambao kadi yangu haiufungui.

Mlango huo unahitaji maelezo. Benki yetu ina pande mbili. Upande wetu tunawaandikia wawekezaji. Upande wa pili wanazitafutia kampuni mitaji. Kanuni inataka wanayoyajua kule sisi tusiyajue, ili kalamu zetu zisinunuliwe. Tunauita ukuta.

Saa kumi Zubeda alitokea upande wa pili. Yeye ndiye anayesimamia kanuni za benki, mama wa Kinondoni asilia, anayezungumza taratibu kama anayekata kitambaa.

"Felicitas mwanangu, kaa."

"Nimekaa, mama."

"Basi kaa vizuri. Mpiji wametupa kazi. Hali yao mbaya, wanataka mtaji. Tunawatafutia wanunuzi wa hisa mpya, na bei yake haitafika nusu ya bei ya leo. Itatangazwa mwisho wa mwezi. Wenzako wa kule wanakuhitaji uwapigie hesabu, kwa hiyo nimekuvusha ukuta. Tangu saa hii benki haiandiki wala haisemi lolote juu ya Mpiji. Ripoti yako imesimamishwa. Weka sahihi hapa."

Nilisoma karatasi. Ilisema nimeambiwa siri na nitaitunza.

"Nisiposaini?"

"Umeshasikia. Sahihi ni ya kuonesha kwamba umesikia."

Nikasaini.

"Na ripoti ya mwaka jana? Ile ya Nunua?"

"Ipo."

"Inaondolewa?"

"Haiondolewi, haibadilishwi. Tukiigusa tumesema."

"Kwa hiyo leo mtu akiuliza benki hii ina maoni gani juu ya Mpiji, atakuta Nunua, na jina langu chini yake."

Zubeda alifunga kalamu. "Hisa za baba yako uliziandikisha kwangu mwaka jana, pamoja na jina la dalali wake wa Kariakoo. Ulifanya vizuri. Sasa nakwambia kwa mapenzi: akiuza wiki hii, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Wa pili ni yeye. Hii si kesi ya faini, mwanangu."

"Nikiacha kazi?"

"Utaacha kiti. Siri unaondoka nayo."

Nilikwenda kwa Adelard bila kubisha hodi. Alikuwa anakula karanga.

"Ulijua watakuja," nilisema.

"Nilitumaini. Kujua ni neno kubwa, wewe mwenyewe hulipendi."

"Uliwatisha na ripoti yangu."

"Niliwatumia ukweli wauthibitishe. Wewe ndiye uliyebonyeza." Akanisogezea karanga. Sikuchukua. "Feli, tangu uje hapa, nani amewahi kulipia ripoti yako?"

"Hakuna. Tunazitoa bure."

"Mshahara wako unatoka wapi?"

"Kamisheni. Wawekezaji wanaoniamini wananunua na kuuza kupitia kwetu."

"Hiyo inalipa umeme. Umeshawaona wauza kahawa wa Magomeni? Kila mmoja ana drafti. Drafti ni bure, cheza mpaka giza liingie. Lakini mchezaji hodari analeta watazamaji, na watazamaji wanakunywa kahawa. Wewe ni mchezaji hodari. Mie nauza kahawa."

"Na leo?"

"Leo kaja mtu kanunua birika zima."

"Ili nisicheze."

"Ili usicheze. Sasa usinune, hiyo nayo ni heshima. Wachambuzi wangapi mjini hapa wanaweza kunyamaza na mtu akaona tofauti? Miaka yako yote ya kusema kweli ndiyo iliyofanya kimya chako kiwe na bei."

Nilitafuta kosa katika hoja yake. Nilipitia hatua kwa hatua, kama ninavyopitia mahesabu ya kampuni. Halikuwepo.

Jumapili nilikwenda Tandika.

Wazazi wangu wamepanga vyumba viwili pale, huku nyumba yao ya Chamazi ikisubiri mabati. Kuta zimefika juu, kenchi zimeshapigwa, mvua inaingia. Nusu ya pili ya kiinua mgongo cha baba ilikuwa imewekwa kwa ajili ya paa hilo. Nusu ya kwanza, kama nilivyosema, ilikuwa Mpiji.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema mama yangu, Marietha. "Umekonda. Hiyo benki inakulisha nini?"

"Nakula, mama."

"Unakula karatasi."

Baba, Mwalimu Polikarpo, alifundisha hesabu Chang'ombe mpaka alipostaafu. Alikuwa bado na shati la misa. Alisubiri nimalize chai, kwa sababu alitulea tusizungumze biashara mdomo ukiwa na chakula. Kisha akasema:

"Bei imeshuka tena Ijumaa. Wenzangu wastaafu wananiambia niuze. Mie nikawaambia, tulieni, Jumapili mtoto anakuja."

Sentensi yangu nilikuwa nimeiandaa tangu Ijumaa usiku. Nilikuwa nimeipima kila neno. Haikutoa siri, haikudanganya.

"Baba, mambo ya Mpiji siruhusiwi kuyazungumza."

Aliweka kikombe chini. Akamgeukia mama.

"Mama Feli, umesikia?"

"Nimesikia."

"Pasaka ya mwaka jana, nilipomuuliza, alisemaje?"

"Alisema hivyo hivyo. Ukamkalia kooni mpaka akaacha pilau."

"Na baadaye?"

"Baadaye ripoti ikatoka, hisa zikapanda, ukaninunulia kitenge. Doti moja."

"Doti moja ndiyo," alisema baba, na uso wake ukafunguka.

Ilikuwa kweli. Pasaka ya mwaka jana nilikuwa nimemaliza kuandika ripoti ya Nunua, na mchambuzi haruhusiwi kuisemea ripoti kabla haijatoka. Nilitumia maneno hayo hayo. Nimezoea kuchunguza watu wengine wanasema nini na wanafanya nini baada ya kusema. Haikunijia kwamba mezani kwa mama yangu kuna mtu alikuwa ananichunguza mimi kwa njia ile ile.

"Baba, mfano mmoja si kanuni."

"Hayo umeyapata wapi?"

"Kwako. Darasa la sita."

"Na 'kimya kingi kina mshindo mkuu' umeipata kwa nani?"

"Kwako pia."

"Basi chagua."

Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Nami nilikuwa nafanya hesabu. Nikisema usinunue, nimesema. Nikisema uza, nimewapeleka wote wawili mahakamani. Nikisema safari hii si kama ile, mwalimu wa hesabu hatahitaji zaidi ya hapo. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo lilikuwa langu kama mtoto wa nyumba ile na si la benki.

"Baba, pesa ya mabati ni ya mabati. Niahidi."

"Nimekusikia, mwanangu."

Niliagana nao nikiwa nimepata nafuu kidogo. Nilipofika barabarani ndipo nilipogundua kwamba hakusema ameahidi. Alisema amesikia. Nilisimama. Kisha nikajiambia kwamba namchunguza baba yangu kama tangazo la kampuni, nikaendelea na safari.

Jumatatu, soko lilipofunguliwa, nilikuwa kwenye chumba cha madalali wa benki yetu. Wenzangu wa upande wa pili walinituma nichukue takwimu za mauzo ya Mpiji, za kukokotolea bei ya hisa mpya. Chumba hicho kina kanuni mbili. Simu za mkononi zinawekwa kwenye sanduku mlangoni. Na simu za mezani zinarekodiwa, kila neno, taa ndogo nyekundu ikiwaka.

Brightson, dalali aliyekuwa zamu, aliniita kwenye kioo cha kompyuta yake. Hakujua chochote. Ukuta ulikuwa umesimama sawasawa.

"Sista Feli, njoo uone maajabu. Wauzaji wa Mpiji wamepanga foleni kama ya maji ya DAWASA. Mnunuzi mmoja. Mmoja tu, peke yake, anazoa."

"Kupitia wapi?"

"Dalali mmoja wa Kariakoo. Mteja wake si mtu mkubwa, ona anavyonunua kidogo kidogo. Ila ana moyo, braza huyu. Au kichwani mna maji ya dafu."

Nilisogea karibu na kioo.

"Labda anajua kitu ambacho sie hatukijui," alisema Brightson, akacheka, akageuza kiti.

Simu ya meza yake iliita. Alisikiliza, akanipa mkono wa simu.

"Mapokezi wanakuunganisha. Mama yako. Anasema kakupigia mpaka vidole vimechoka."

Taa nyekundu iliwaka.

"Feli," alisema mama. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mtaa. "Tuko Kariakoo. Baba yako kasema nisikwambie mpaka jioni, lakini mie jambo likikaa tumboni haliniachi. Ile pesa ya mabati kaiingiza."

"Mama, mpe baba simu."

"Usimgombeze. Kavaa suti."

"Mpe simu, mama."

Nilimsikia akisema, "Haya, mtoto wako," kisha pumzi ya baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako huyu mdomo wake hauna kitasa. Nilitaka nikushangaze."

"Umeingiza yote?"

"Ningeacha ya nini? Bei yenyewe ya kutupa. Dalali kashangaa, ananiambia mzee, una uhakika? Nikamwambia, kijana, mie uhakika wangu ninao nyumbani." Alishusha sauti. "Sasa sikiliza. Mwalimu Benjamin na wenzake wamekaa kikao Chang'ombe muda huu. Kuna ule mfuko wetu wa wastaafu, wa kuzikana. Wananiuliza na wao waingie? Nimewaambia ngoja kwanza nizungumze na mtoto."

Brightson alikuwa amegeuza kiti kunielekea. Kwenye kioo chake, safu ya wanunuzi wa Mpiji ilikuwa tupu.

Niliitazama ile taa. Nilifahamu kifungu cha sheria, nilikuwa nimekifanyia mtihani. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, niliamua kukivunja. Nilichotaka ni kutokivunja kwenye simu ile.

"Baba, usiwajibu. Usiwaambie kitu. Kata, nikupigie kwa simu yangu. Sasa hivi."

Kisha nikasikia sauti ninayoijua tangu darasani kwake, ile ya kumpongeza mwanafunzi aliyepata jibu bila kuoneshwa njia.

"Kumbe ni kubwa kiasi hicho."

"Baba, hapana, nisikilize..."

"Shh. Usiseme, mwanangu. Usijiharibie kazi kwa ajili yetu. Nimeelewa."

Akakata.

Niliacha mkono wa simu ukining'inia, nikaenda kwenye sanduku. Simu yangu ilikuwa chini ya nyingine zote. Zubeda alikuwa amesimama mlangoni, na faili kwapani.

"Unampigia nani, mwanangu?"

Nilibonyeza jina la baba, nikaiweka simu sikioni mbele yake.

Namba ilikuwa inatumika.